Nafasi ya Mama

Acocks Green, Birmingham
Alhamisi, 6 Novemba

Mdogo wangu Mwanamkasi,

Assalaam aleikum. Shikamoo yako ya kwenye simu niliipokea, na marahaba. Naomba barua hii ikukute umeamka salama, na lile goti limekuachia upande ngazi. Mwambie shemeji kikohozi chake asikidharau. Mimi sukari inapanda na kushuka, na figo daktari anasema zimechoka, lakini nasimama, napika, nasali. Baridi nayo imeshaingia.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe ungekata.

Unaujua mpango wangu wa kurudi. Miaka ishirini na mbili nimesafisha nyumba za wanafunzi kule Selly Oak, nikikatwa mchango wa taifa kwenye kila mshahara, na mwaka huu pensheni imetoka. Pale maktaba, kila Jumanne, hukaa mzee mmoja wa Kipunjabi aitwaye Baldev, mstaafu wa kiwanda cha magari, akitusaidia wazee wenzake kujaza fomu. Alinieleza bila kuzunguka kwamba pensheni itanifuata hadi Tanga, ingawa haitaongezeka tena, lakini matibabu ya bure hayamfuati mtu. Siku nikihama moja kwa moja, hospitali za huku ndiyo nimeziaga. Nikamwambia hilo halinipi shida. Mwanangu Mwinjuma ni mwalimu wa serikali, na bima yake inabeba wazazi. Pensheni ya huku itanilisha, bima ya huko itanitibu. Baldev alicheka akasema nimepanga mambo kuliko waziri. Wiki ile ile nikatoa notisi ya nyumba, nikaanza kugawa mablanketi.

Siku chache baadaye Baldev akaniuliza kama nimeshapata namba ya uanachama wa bima, maana dawa zangu hazitakiwi kukatika hata wiki moja. Nikampigia Mwinjuma. Akasema mtandao mbovu. Kesho yake akasema mhusika yuko likizo. Siku ya tatu nikamwuliza, "Mwinjuma, jina langu limo au halimo?"

Akasema, "Halimo, mama. Nafasi ya mama imeshajazwa."

Nikamwuliza imejazwa na nani.

"Na mama," akasema.

Nilikaa chini, sakafuni, hapo hapo jikoni. Mwanamkasi, kumbe ni wewe.

Ulipomzaa Mwinjuma ukiwa na miaka kumi na saba, marehemu mama alitukalisha chumbani kwake, mtoto akiwa mapajani mwangu. Cheti kikaandikwa jina langu, na sote watatu tukaapa kwamba wa kumwambia ni mimi, siku nitakayoona inafaa. Leo naambiwa anajua mwaka wa tatu huu. Mmekula kiapo mahakamani, cheti kimebadilishwa, kadi ya bima imetoka. Na miaka yote hiyo mitatu kila Ijumaa unanipigia, unaniuliza sukari, unacheka nami! Mwaka juzi nilipokuja tulikwenda wote hospitali, ukaniambia nikungoje kwenye benchi, dirishani utakwenda peke yako. Nilidhani unanionea huruma na foleni. Kumbe ulikuwa unaificha kadi nisiione. Mgeni angenifanyia hivyo ningemwachia Mungu. Wewe nilikubeba mgongoni.

Nilimwuliza Mwinjuma nimemkosea nini. Hakupandisha sauti. Alisema wewe ndiye uliyemlea tangu darasa la tano, wewe ndiye uliyelala naye wodini kwa malaria, na mimi nilikuwa sauti ya simu. Akasema angalau wewe alikuwa anakukuta nyumbani akitoka shule. Nikamuaga, nikakata simu.

Jibu nilikuwa nalo. Nakupa wewe, maana nimelibeba hadi limeniumiza kuliko figo. Mnajua wote kwamba Mwinjuma alinyimwa visa ya kunifuata huku. Unakumbuka alivyopanga sanduku, akakataa hata kumwazima mtu koti lile la safari. Mwanamkasi, hakunyimwa. Sikumwombea visa. Kwenye fomu zangu za visa waliuliza kama nina watoto. Niliogopa kipimo cha damu, niliogopa aonekane si wangu na mimi nirudishwe, nikaandika sina. Halafu nikawapigia simu nikasema Waingereza wamekataa. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuandika kwamba mimi si mama yake hakuwa wewe wala mahakama.

Sirudi tena. Nimeomba notisi ya nyumba ifutwe, wamekubali, na kliniki ya figo wananiona Jumatatu. Nitazeekea huku, kwenye matibabu niliyoyachangia. Kadi ni yako, itumie, usiione haya. Lakini sijakusamehe, na sitaandika uongo mwingine leo. Ungeniambia mwenyewe ningekasirika mwezi mmoja. Sasa sijui nitakasirika mpaka lini.

Barua hii mpe Mwinjuma aisome kwa macho yake. Usimsomee wewe, ukaruka mahali. Akinipigia, nitapokea. Asiponipigia, nitajua ameisoma yote.

Wape salamu zangu wote wa nyumbani, na kaburi la mama lipalilie kwa niaba yangu. Mungu awape uzima.

Ni mimi dada yako,
Sikuzani