Boga la Tobin Limebaki Shambani

Emmett mwanangu,

Supu iko jikoni, ipashe moto. Nguo za Lettie zisuuze kabla ya kuzitia kwenye mashine. Aliketi kwenye dimbwi la matope makusudi, na nilipomkemea akaketi tena.

Jana uliwaahidi watoto utawapeleka shamba la maboga wachague la kuchonga kwa sikukuu ya Halowini. Asubuhi ukasema, "Tangulieni, Mama, nawafuata," ukajifunika blanketi. Basi mimi, na magoti yangu haya, nikapanda tela la trekta linalopeleka wageni shambani, na wanao wawili wakivutana kama mbuzi.

Tobin akachagua boga kubwa kumshinda yeye mwenyewe. Mwenye shamba alipotaka kutubebea, mtoto akalikumbatia akipiga kelele: "Liache! Baba yangu ana nguvu, anakuja kulibeba!" Tukakusubiri. Mvua ikatunyeshea, tela likaondoka bila sisi, naye bado anachungulia barabarani. Simu yako iliita mpaka nikachoka. Niliona aibu kwa niaba yako.

~~Mwambie boga limeoza.~~ Hapana, usimdanganye tena. Mwenye shamba ameliweka kando na kuliandika jina lako. Hawafungi mpaka jioni.

Nakusikia bafuni unaimba, kwa hiyo naenda zangu nyumbani kabla sijasema neno la kujutia. Watoto wamelala usingizi wa mchana. Tobin amekataa kuvuliwa buti, kalala nazo kitandani. Kasema Baba akimaliza kuoga tu, mnaondoka.

Mama yako