Mpangaji wa Chumba cha Nne

Tunduma,
Jumamosi jioni.

Mpendwa baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako limepata nafuu sasa mmemaliza kuchuma kahawa. Mama naye hajambo? Mwambie mchele niliomtumia ni wa Kamsamba mtupu, asiuchanganye na wa dukani. Mimi mwili ni mzima, ila moyo hauna amani. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako huiweka sauti kubwa na nyumba nzima ikasikia. Nakuomba usome ukiwa peke yako. Danford, mnunuzi wa kahawa aliyekuletea, hajui kilichomo.

Nilipokuja Pasaka nilikueleza habari za pagale la mama Teresia. Mumewe alifariki nyumba ikiwa imefika kwenye lenta, yeye akahamia Mlowo kwa mwanawe, na majani yakaota hadi sebuleni. Nilimfuata huko nikamweleza kwamba sina fedha ya kununua kiwanja, sembuse ya kujenga, lakini nina kidogo ninachokipata kwenye mchele. Nikamwomba aniruhusu nimalizie nyumba yake, nikusanye kodi kwa miaka mitano, kisha nimrudishie ikiwa na bati na madirisha. Alicheka, halafu akalia, halafu akakubali, tukaandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Wewe uliniambia ng'ombe wa kuazima hakamuliwi kwa utulivu. Nilikusikia, baba, ila nilikuwa nimechoka kufukuzwa kwenye nyumba za watu.

Nilianza na chumba kimoja. Nikakipiga plasta, nikaezeka upande ule tu, akaingia dada mmoja anaitwa Shani na watoto wake wawili. Huyu anakaanga samaki na kuwauzia madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka. Kodi aliyolipa mbele ilitosha kusakafia chumba cha pili, na mpangaji wa pili akanisakafia cha tatu, nikahamia humo mwenyewe. Hapo nikaona nimegundua njia, kwamba mpangaji wa leo anamjengea mpangaji wa kesho. Nikawa natazama mapagale mengine ya mtaani kama mtu anayechagua mbuzi mnadani.

Chumba cha nne kilikuwa hakina hata mlango alipokuja mtu anaitwa Amoni. Alisema anafanya biashara ya pumba, anatafuta stoo, na kwamba ameelekezwa kwangu na kijana anayenifahamu. Hakuuliza choo kiko wapi, wala umeme. Alilipa mwaka mzima, akaleta mlango wake wa chuma na kufuli lake. Sikumuuliza ni kijana gani, wala kwa nini pumba zifungiwe mlango kama wa benki. Kwa fedha ile niliezeka nyumba yote, nikamwimbia Mungu.

Baada ya majuma machache Shani akaanza kulalamika. Mtoto wake mdogo alikuwa akiumwa kichwa na kutapika, na kuna harufu haimtoki puani. Nilimwambia ni rangi mpya. Nilijua siyo rangi, kwa maana hata mimi nililala ukuta mmoja na stoo ile, na asubuhi nilikuwa naamka ulimi mzito. Siku moja niliinama mlangoni kwa Amoni nikifagia, nikaona sakafu imelowa. Nikagusa, nikanusa vidole. Ilikuwa petroli.

Baba, sijawahi kuogopa namna ile. Jiko la mkaa la Shani lilikuwa kwenye korido, hatua chache tu kutoka pale, na mafuta ya samaki yanachemka. Nilimwambia ahamishie jiko nje, nikasingizia moshi unachafua plasta yangu. Alinikasirikia, akasema sasa nimekuwa mwenye nyumba kama wenye nyumba wengine.

Nilimwita Amoni aje aondoe vitu vyake. Alikuja, akasikiliza bila kunikatiza, kisha akaongea taratibu kama anayembembeleza mtoto.

“Mama, kodi yangu umekula. Jina lililoandikwa kwa mwenyekiti ni lako, siyo langu. Ukiongea, wa kwanza kufungwa ni wewe. Na moto hauulizi nani amelipa.”

Tangu siku hiyo sikuwa mtu. Njiti ya kiberiti ikiwashwa kwa jirani nilishtuka. Sokoni nilipima mchele huku nikitazama upande wa nyumba, nikitafuta moshi. Kuwafukuza wapangaji wengine bila kuwarudishia kodi nisingeweza, na kodi zao zilikuwa zimeshakuwa bati. Kwenda polisi niliogopa. Nilijiambia nitakwenda kesho, na kesho yake nikajiambia hivyo hivyo, watoto wa mwenzangu wakiendelea kulala mle.

Kabla ya hayo yote nilikuwa nimepatana na fundi wa kuchomelea, aweke grili kwenye dirisha la Shani. Unawajua mafundi, akanipiga chenga hadi nikamsahau. Juzi, Alhamisi, nilirudi kutoka sokoni mchana nikamkuta uani ameshavuta waya wa umeme, amevaa miwani yake, ameegemeza grili kwenye ukuta wa chumba cha nne. Mtoto wa Shani amekaa kando anasubiri kuona cheche.

Nilipiga ukunga uliowatoa watu hadi barabarani. Nilimrukia fundi nikaung'oa waya ukutani, nikamsukuma akaanguka. Walidhani nimechanganyikiwa. Shani akatoka akiuliza kuna nini, na mbele ya watu wote ikabidi niseme: “Kuna petroli humu ndani! Mchukue mtoto wako, ukimbie!”

Hakukimbia mara moja. Alinitazama kwanza, baba, na nadhani wakati ule alikumbuka lile jiko. Kisha akawabeba wanawe wote wawili, akaondoka.

Mwenyekiti alifika na vijana wenye nondo wakitaka kuvunja kufuli. Wakati nondo inainuliwa, kijana mmoja alipenya katikati ya watu akipiga kelele wasigonge chuma kwa chuma, cheche moja itatumaliza wote. Alikuwa na ufunguo. Alifungua mwenyewe, na tukaona madumu yamepangwa hadi juu, mengine yanavuja. Ni mali inayovushwa kwa pikipiki kwa njia za panya kati ya hapa na Nakonde, upande wa Zambia. Polisi walipofika na kuanza kuyatoa, kijana yule hakuwepo tena, na Amoni simu yake haipatikani hadi leo. Watu walinitaja kama mwenye nyumba, polisi wakanihoji. Waliponiuliza kama namfahamu kijana mwenye ufunguo, nikajibu simfahamu. Wameniambia nifike Jumatatu niandike maelezo.

Sasa baba, kaa chini kama umesimama.

Kijana yule ni Osward. Mwanao, kitinda mimba wetu, tuliyedhani yuko chuoni Mbeya. Chuo ameacha tangu mwaka jana, na ada uliyokuwa ukimtumia kwa jasho la kahawa aliitumia akitafuta biashara. Amoni alimwahidi pikipiki. Yeye ndiye aliyemwelekeza Amoni kwangu. Alijua natafuta mtu wa kulipa kodi ya mbele, akaona ananisaidia na kujisaidia. Alikuwa akileta madumu nikiwa sokoni na Shani akiwa kwenye malori, ili tusionane.

Jana alikuja ananuka petroli hadi kwenye nywele, akapiga magoti akalia. Nilimwambia Jumatatu nitasema kweli, nitataja jina lake, kwa sababu nimeshindwa kumtazama Shani usoni. Shani, aliyekuwa amekuja kuchukua vyombo vyake, alimsikia mlangoni akilia na kuniita dada yangu, akaelewa yote, lakini hajamwambia mtu. Amehama na wanawe bila kudai hata kodi iliyobaki, na hilo linaniumiza kuliko matusi. Osward alikasirika, akasema namuuza ndugu yangu kwa ajili ya nyumba ya mtu. Akatoka. Nilikaa nikijua amekimbilia Zambia. Leo asubuhi amerudi, akaniuliza kitu kimoja tu, kama nitaingia naye polisi.

Nitaingia naye. Ila tunaogopa, baba. Tunaogopa polisi, tunamwogopa Amoni ambaye hatujui yuko wapi, na tunakuogopa wewe. Hata hivyo nakuomba uje kesho Jumapili, baada ya ibada, upande gari la kwanza utakalopata. Mama usimweleze kwanza, Osward ameomba amwambie mwenyewe kwa mdomo wake. Ukija ukiwa na hasira, njoo nazo hivyo hivyo. Hasira tutazivumilia. Tusichoweza ni kuingia pale mlangoni wawili tu.

Nisalimie shangazi na watoto wa nyumba ya chini. Osward yuko hapa pembeni yangu. Anasema shikamoo.

Ni mimi binti yako,
Jenista.