Msingi Chini ya Jiko la Mama

Kaka Balatu,

Mungu Shamash akulinde huko Sippar. Hapa Uruk tende zimeiva, na mbuzi wako amezaa.

Tumeufukua msingi wa zamani wa hekalu, na ukuta mpya lazima uufuate, usipotoke hata upana wa kidole. Msingi huo unapita chini ya jiko letu, pale tulipomzika Baba. Nilimweleza Mama, akacheka: “Mwambie huyo mungu wako azunguke, ana miguu! Mume wangu simhamishi.”

Leo kuhani aliniuliza mbele ya mafundi msingi unaelekea wapi, kwa kuwa mimi ndiye karani wa vipimo. Niliogopa, kaka. Nikaonyesha nyumba yetu.

Mwezi ujao wanabomoa. Njoo tumhamishe Baba, maana Mama ameketi juu ya kaburi, na salamu yangu haitikii.

Mdogo wako,
Rimut