Babu Hakuzikwa Mackinnon Road

S.L.P. 14,
Msambweni, Kwale.
9 Agosti 1964

Mpendwa Dada Jemima,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima huko Uskoti, baridi imekuachia japo kidogo, na masomo yako ya uuguzi yanakwenda vyema. Sisi hatujambo, tunamshukuru Mola. Mama mdogo Chiku, mzazi wako, alitutembelea juzi na kikapu cha mihogo. Mama yangu naye yuko, ila magoti yanamsumbua. Akiinuka hushika ukuta.

Nisamehe kuchelewa kukujibu. Barua yako ilifika mwezi wa Juni, nikakaa nayo siku nyingi bila kumwambia mtu.

Wajua tulivyolelewa: kwamba babu Makrei, yule fundi mawe Mskoti aliyemwoa bibi Mbodze, alikufa kwa homa kwenye kazi ya barabara, akazikwa Mackinnon Road, Mama angali ananyonya; mama yako Chiku bibi alimzaa baadaye, kwa mume wa pili. Mama alikwenda mara mbili kulitafuta kaburi, asilione. Nawe waniambia umekisoma kitabu cha kanisa la kwao: alirudi mwaka 1897, akaoa, akazaa, akafa 1911 akiwa kwake. Na binti yake, Agnesi, yu hai, jirani na kanisa lilo hilo.

Nilikusumbua kutafuta habari za babu kwa ajili ya shamba letu la Kikoneni. Mjomba Shutu, mpwa wa bibi, amelishtaki kwa wazee. Asema ardhi ni ya ukoo wake, Mzungu alikaribishwa tu, na sasa tumepata Uhuru kila cha Mzungu kirudi kwa wenyewe. Nilitaka ithibati kwamba Mama ni mtoto wake wa halali, kwa sababu hati pekee ya shamba aliyotuachia bibi imeandikwa jina la Makrei.

Sasa tazama nilipokwama. Nikiitoa hati, nimekiri kwamba shamba ni la Mzungu, na tena ana warithi huko uliko. Nikiificha, sina kitu mkononi.

Siku moja kabla ya baraza la wazee nikamweleza Mama yote. Alikuwa anapepeta mchele. Aliendelea mpaka akamaliza, ndipo akaniuliza huyo Agnesi ana umri gani. Nikamwambia sitini na mitatu.

"Basi ni mdogo wangu," akasema, akaondoka na ungo wake.

Barazani mwenyekiti aliuliza kama tuna hati. Nilikuwa nayo mfukoni, lakini sikuitoa. Mama akanishika bega, akasimama.

"Baba yangu alituacha," akawaambia. "Mimi sikuondoka. Minazi ile nimeipanda na mama yangu, na Shutu amezila nazi zake tangu utotoni. Kama mimi ni Mzungu, nielezeni nirudi wapi."

Wazee walishauriana hadi adhuhuri, kisha wakakata shauri hivi: Mama akae na alime maisha yake yote, siku akifa, shamba liende kwa ukoo wa Shutu. Mahindi na mihogo tumeruhusiwa. Mnazi na mkorosho tumekatazwa, kwa kuwa apandaye mti wa kudumu anadai ardhi.

Dada, ni kama nimefungiwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Mama akikohoa nashtuka, kisha naona haya, maana sijui nimemwogopea yeye au nimeliogopea shamba. Mke wangu Esha ataka tuhamie Diani nikatafute kazi ya hoteli. Siwezi. Tukiondoka leo, watasema tumeliacha wenyewe, na Mama hatakubali kulala kwingine.

Hati nimeirudisha sandukuni. Sijui namtunzia nani.

Mama ana ombi moja kwako. Uende kwa Agnesi, umpe salamu za dada yake. Usimtajie shamba, asije akadhani twamwomba kitu. Nilimwuliza Mama nikuandikie umwulize nini hasa, kwa nini babu alituacha, au kama aliwahi kututaja.

"Mwambie Jemima amwulize," akasema, "kama baba alikuwa mtu wa kucheka."

Mama mdogo Chiku, Esha na wanetu Boga na Mbodze wanakusalimu sana. Mola akukinge na kila shari, akurudishe kwetu na afya yako.

Ni mimi ndugu yako nikupendaye,
Mwinga