Mtoto Asiitwe Manase

Shambani, Kitale

Mke wangu mpendwa, Mama Nekesa,

Hujambo wewe na watoto? Mama je, kifua kimemwacha? Mimi ni mzima, ila mgongo unalalamika kwa kulima na maksai tangu alfajiri. Posho ya mzungu ni unga mweupe wa mahindi tu kila siku. Natamani ugali wako wa wimbi na kunde, hata ule moshi wa jiko uliokuwa ukiniliza naukumbuka.

Uliniandikia kwamba mtoto wetu mchanga alilia siku mbili, mama akamwitia majina ya wazee waliokufa, na alipotaja Wanyonyi, jina la marehemu baba, mtoto akanyamaza. Nami mjuaji nikajibu kwa ukali: hayo ni mambo ya kale, abatizwe Manase na aitwe hilo tu. Nililipenda kwa kuwa Manase alikuwa mwana wa Yusufu, na Yusufu alifanya kazi ugenini kama mimi. Sasa unaniambia tangu barua ile mama haingii nyumbani kwetu.

Jumapili nikamwuliza mwalimu wetu wa dini maana ya jina hilo. Akacheka.

"Hiyo ni Kiebrania, bana. Ni kusahaulisha. Yusufu alishiba huko Misri, akasema ati Mungu amemsahaulisha taabu yake na nyumba ya baba yake. Si ni wewe ulichagua?"

Niliona aibu, mke wangu. Jioni nikajaribu kukumbuka kicheko cha baba, vile alivyocheka ng'ombe wakirudi zizini, nikakosa. Uso niliuona, sauti hakuna. Nililia, wala sikufichi.

Basi mwambie mchungaji angoje. Nimepewa ruhusa tukimaliza kulima, na mwezi ukiandama nitakuwa nyumbani Kimilili. Jina la ubatizo tutalitafuta pamoja. Lakini nyumbani aitwe Wanyonyi kuanzia leo, na mama ndiye atangulie kumwita. Mpelekee mtoto wewe, usimngoje yeye aje. Mwacha mila ni mtumwa, na mimi utumwa wa maksai unanitosha.

Nisalimie binti yetu Nekesa, mwambie nina kitambaa chake cha gauni. Nisalimie pia shemeji, fundi wa baiskeli, na jirani yetu anayekuchotea maji.

Na mama mwambie hivi: sijaisahau nyumba ya baba. Ila nilikuwa nimeanza.

Ni mimi mumeo,
Petro, mwana wa Wanyonyi