Bei Niliyomwandikia Waziri

Kisangani, Kabondo
Jumamosi asubuhi

Yaya Nasra, dada yangu mpendwa,

Kabla ya salamu acha niliseme, maana nikianza na salamu nitaogopa na kuishia hapo hapo. Ile bei ya mchele ambayo waziri wa fedha aliisoma redioni, ile iliyowafanya kina mama wa soko wapige sufuria tupu mbele ya ofisi ya meya, niliiandika mimi. Hapa nyumbani hakuna anayejua.

Sasa nakusalimu. Salaam aleikum, wewe, na shemeji Moussa, na mtoto. Kikohozi chake kimeisha? Sisi tuko wazima, alhamdulillahi. Papa bado anashona na mgongo bado unamsumbua. Mama yuko na mchele wake soko kuu, na sauti yake ni ile ile, unaisikia kabla hujamwona. Ningekupigia simu, lakini simu ya nyumbani ni moja na Mama husikiliza kila neno. Barua hii anakuletea mjomba wetu, Tonton Zakaria, anakuja Ubundu leo kufuata samaki. Bahasha nimeifunga kwa uji wa muhogo, mara mbili, maana unamjua Tonton kwa udadisi.

Ulipoolewa nilikuwa bado shuleni. Nilipopata diploma, Papa alimwomba Monsieur Hugues, yule mteja wake wa makoti, anitafutie kazi. Yeye anafanya kazi katika ofisi inayofuatilia bei za chakula na kuzituma Kinshasa. Alinipa kazi ya miezi mitatu, kuzunguka soko la Mangobo kila Jumanne na Ijumaa na karatasi, maana bei ya mji mzima wanaichukua huko. Nyumbani nilisema nakaa ofisini kunakili. Mama anavyowachukia watu wanaopita sokoni na karatasi, sikuthubutu kusema zaidi.

Karatasi ile ina sehemu ya kuandika bei ya kopo la mchele, na sehemu ya kuandika uzito wake. Ndiyo sababu walinipa mizani ndogo ya kuning'inia. Na wewe unalijua kopo, likiwa zima ni kilo moja. Gunia likipanda bei, Mama hapandishi bei ya kopo, kwa kuwa mteja akisikia bei mpya anahamia meza ya jirani. Analipindua, analigonga kitako kwa mchi mpaka kinaingia ndani, na mimi ndiye ninayemshikia. Kwa nje kopo ni lile lile. Mstari mzima wanafanya hivyo, na wanasema kopo limefunga saumu. Wateja nao si wajinga. Wanachungulia ndani na kuuliza, "Mama, ramadhani yako itaisha siku gani?"

Siku ya kwanza Mangobo niliitoa mizani mbele ya mwanamke mmoja mnene anayeitwa Mama Émilie. Akanidhania mtoza kodi, akaweka mikono kiunoni na kupaza sauti: "Eh, mama ya taxe! Unakuya kupima muchele ao unakuya kunipima mimi? Mimi niko na kilo mingi, mizani yako itavunjika!" Soko zima lilicheka. Yaya, unanijua. Darasani nilikuwa nikiitwa mbele nasahau hata jina langu. Nilirudisha mizani kwenye begi na sikuitoa tena. Kila wiki niliuliza bei kwa sauti ndogo, wakaniambia elfu tatu, nikaandika elfu tatu. Kwenye uzito niliandika kilo moja, meza baada ya meza, kwa mwandiko mzuri. Nilijua si kilo. Mikono yangu ndiyo inayoshika kopo likigongwa.

Halafu waziri akaongea redioni. Alisema Serikali itapunguza ushuru wa mchele katika miji ambayo bei imepanda, akaitaja miji yenyewe, na Kisangani haikuwamo. Alisema Kisangani bei ya mchele haijapanda tangu mwezi wa pili, ana karatasi mkononi. Jioni ile Mama alirudi amekasirika mpaka kitambaa cha kichwa kimemwangukia shingoni. Siku hizi sokoni waziri wanamwita Papa Haijapanda. Muuza unga wa fufu wa karibu na Mama anasema kweli bei haijapanda, ila yeye ndiye ameshuka, zamani alikula mara mbili kwa siku, sasa mara moja. Mama alikaa, akatazama sahani yake, akasema: "Huyu mutu alipatia waziri ile bei, nikimukamata nitamulisha pilipili mpaka atapike bei ya kweli." Papa alicheka. Mimi nilijifanya nakwenda kuchota maji.

Siku mbili nilisema moyoni kwamba waziri ndiye mwenye kosa, angekuja mwenyewe kununua. Bado naona ana kosa. Lakini kila mtu aliyepita nyumbani kwetu akilalamika, nilikuwa naona mwandiko wangu.

Siku ya tatu, Mama alipokuwa anaoga, nilijaza kopo lake mchele na kulipima. Gramu mia saba na arobaini. Wateja wetu wanalipa kilo wanakula robo tatu, na sisi wenyewe tukinunua maharagwe kwa jirani tunafanyiwa hivyo hivyo. Nilikwenda moja kwa moja kwa Monsieur Hugues nikamwambia yote, nikitazama viatu vyake. Alikasirika sana. Alisema mizani si pambo la begi. Baadaye akasema hata yeye alitia sahihi bila kuuliza jinsi kila kopo la Mangobo linavyoweza kuwa kilo kamili, kwa sababu karatasi zangu zilikuwa safi. Aliniambia nikimletea uzito wa kweli wa meza thelathini kabla ya Ijumaa saa sita mchana, ataandika barua ya kusahihisha. Bila hivyo hana cha kuandika, na ushuru tutaendelea kulipa.

Basi Alhamisi nilirudi Mangobo na kuanza kwa Mama Émilie, kwa kuwa nilijua nikimruka yeye nitawaruka wote. Nilimwambia bei aliyoisoma waziri ilitoka kwangu, kwamba sikupima kwa sababu niliona haya, na kwamba nataka kupima leo. Walinizunguka. Mmoja alisema nipigwe. Mama Émilie hakupiga kelele safari hii, na hiyo ilinitisha zaidi. Akaniuliza kwa upole: "Bon, mwanangu, utapima, na kisha utaandika kama siye tunaiba, si vile?"

Yaya, hapo ndipo nilisema jambo ambalo sikupanga kulisema. Niliwaambia sitaandika jina la mtu, nitaandika gramu tu. Nikawaambia waziri haoni kopo, anaona elfu tatu, na sisi wenyewe ndio tunaomsaidia kutoona. Nikasema nyumbani kwetu kopo lina gramu mia saba na arobaini, Mama analigonga na mimi namshikia. Nilisema kwa sauti, mpaka wauza mafuta wa mstari wa nyuma wakageuka. Sijui sauti hiyo ilikuwa imekaa wapi miaka yote.

Kisha mwanamke mmoja akacheka, akasema mama yangu ni mtu mwema, yeye la kwake ni mia sita na themanini. Mwingine akasema anadanganya, halifiki hata hapo. Wakaanza kubishana kopo la nani limefunga zaidi. Mama Émilie akajaza lake mpaka juu, akalitundika kwenye mizani mwenyewe. Nilipima meza thelathini na nne, Yaya. Wengine waliniita nirudi kwa kuwa nilikuwa nimewaruka.

Barua ya Monsieur Hugues iliondoka Ijumaa ile, wiki moja iliyopita. Juzi jibu lilikuja. Kisangani bado haijaingia kwenye miji ya ushuru mdogo, nisikudanganye, lakini hawakukataa. Watu wawili wa wizara watafika Jumanne kupima wenyewe, na wakiona uzito unafanana na wetu, mji utaandikwa. Hawajui Kiswahili, wala kopo letu hawalijui. Monsieur Hugues amesema mimi nitatangulia mbele yao na kuwaeleza kina mama. Nilikubali kabla ya kuuliza ni soko gani. Ni soko kuu, Yaya, na wataanzia mstari wa mchele. Meza ya tatu ni ya Mama.

Kwa hiyo nimeamua kumwambia Jumatatu, akisharudi na kuketi. Nitamwambia bei ilikuwa yangu, nitamwambia pia kwamba Mangobo nzima inajua gramu za kopo lake. Pilipili nikipewa nitakula. Kisha nitamwomba Jumanne awe wa kwanza kulitundika lile kopo, mbele ya wageni, na kama ninamjua, baada ya kelele atakubali.

Msalimie shemeji Moussa, mbusu mtoto mashavu yote mawili, na mama mkwe wako mpe heshima zangu. Mungu akipenda, tukipata habari njema utaisikia sauti ya Mama kutoka huko huko Ubundu.

Ila nakuomba, Tonton Zakaria akikuuliza barua inasema nini, mwambie ni salamu tu. Na Mama akikupigia simu kesho, usimwambie. Nataka ayasikie haya kwangu.

Mdogo wako,
Djamila