Tisa Yako na Mbili ya Nyamusi

Manga,
Kaunti ya Nyamira.
7 Septemba 2025.

Mpendwa Emily,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Hujambo, mwanangu? Baba na mama hawajambo? Baridi ya Uingereza imeanza kuuma, au bado mnaota jua? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mvua imekuja vizuri na chai inachipuka hadi mikono inachoka kuchuma. Babu yako goti linamsumbua akipanda mlima, ila sauti ni ile ile.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ulisema kusoma Ekegusii kumeanza kukushinda. Simu hukatika-katika, na hili nataka likufikie lote.

Matokeo yako yalipoingia, mimi ndiye niliyemsomea Babu ule ujumbe: Hisabati tisa, Baiolojia tisa, Kiingereza nane. Mimi nilifanya mtihani enzi za A na E, mambo ya nambari siyajui. Babu anayajua. Zamani zao moja ilikuwa ya juu kabisa, na ukipata tisa umeanguka. Aliweka kikombe chini, akatoka, akasimama katikati ya chai muda mrefu bila kuchuma hata jani.

Jumamosi, siku yetu ya Sabato, tulipotoka kanisani akaniambia, "Persis, nipigie huyo mtoto. Weka spika, masikio yangu hayashiki."

Maneno yake unayakumbuka, lakini uso wake hukuuona. "Emily, usilie. Hata mimi nilipata tisa ya Hisabati. Nilimficha baba yangu, nikawaficha na wanangu. Tisa haikuniua. Hapa ni kwako, hata ukija mikono mitupu."

Miaka yote niliyoolewa katika boma hili sikuwahi kusikia jambo hilo. Hata mume wangu Nehemiah, mwanawe wa kumzaa, hakulijua.

Wewe ukasema tu, "Asante, Babu." Nilikusikia ukivuta kamasi. Mwanangu, ungeweza kucheka. Ungeweza kumkatiza umwambie kwamba kwenu tisa ndiyo kilele. Ulimwacha mzee amalize. Nakushukuru kwa hilo kuliko hata kwa matokeo yenyewe, na sababu ni hii.

Nyamusi wangu alikuwa amesimama mlangoni, anasikia yote. Shule zilipofungwa alileta mbili ya Hisabati. Shuleni kwake nane ndiyo ya juu, moja ya chini. Lakini Babu alipoiona ile mbili alishangilia, akaamuru kuku achinjwe. Mtoto hakumsahihisha. Nami, nisiyejua, nikapika kwa furaha. Nilimwona mtoto hali chakula vizuri, nikadhani ni tumbo.

Basi simu ilipokwisha, Nyamusi akaja akapiga magoti mbele ya Babu. "Babu, Emily hakuanguka. Tisa yake ndiyo ya juu. Aliyeanguka ni mimi."

Nilipandwa na hasira, nikainuka. Babu akanizuia kwa mkono. Alimuuliza mara mbili kama habari zako ni za kweli, na alipohakikisha akacheka hadi akafuta machozi kwa kofia. Kisha akamgeukia Nyamusi.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa. Nilidhani huwezi kumpenda mtu aliyeanguka."

"Umenisikia nikiongea na Emily?"

"Nimekusikia."

"Basi umejua. Kuku tumeshamla, hatuwezi kumrudisha. Lete kitabu."

Tangu siku hiyo hukaa pamoja jioni. Hesabu za sehemu Babu hazielewi kabisa, kwa hiyo Nyamusi hulazimika kumfundisha, na akimfundisha naye zinamwingia. Juzi nilimsikia akimkaripia, "Babu, umesahau tena!" Mzee akaomba radhi kama mtoto wa shule. Nilisimama jikoni nikamshukuru Mungu, ugali ukaungua kidogo.

Wameniomba nikuulize kama unaweza kuwapigia Jumapili uwasaidie. Wote wawili.

Hongera sana, Emily. Msalimie baba yako, na mama yako Bathsheba umwambie ndizi alizopanda karibu na kisima zimezaa. Nehemiah anakusalimu, Nyamusi pia. Mungu aliyekupa akili, akakupa na moyo wa kumsikiliza mzee, akutunze huko uliko na aturudishie uso wako tuuone.

Ni mimi mama yako mdogo, nikupendaye sana,
Persis